Tangi Lililonyimwa Pumzi

Kadzo, mjukuu wangu,

Pokea salamu kutoka kwetu hapa Mjambere; bibi yako hajambo, na kuku wake wameangua. Umeuliza kwa nini pikipiki yako ya mashindano huwaka, huenda kidogo, kisha huzima, na mbio ni Jumamosi. Swali hilo limeniinua kitini.

Yangu ilinifanyia vivyo hivyo katika machimbo ya zamani ya Bamburi, mbio zikikaribia kuanza. Nilikuwa nimesafisha kabureta mara tatu. Bibi yako, mtazamaji ambaye wakati huo hata jina langu hakulijua, akasema, "Kaka, hata mtoto wa mgongoni huachiwa pua nje ya leso. Tangi umelifungia nailoni ya nini?"

Nilikuwa nimeifunga juu ya kifuniko kuzuia vumbi la saruji. Nilipoikata, tangi likavuta hewa, petroli ikashuka, na injini haikuzima tena.

Basi legeza kifuniko cha tangi kwanza; huenda kitundu chake cha hewa kimeziba. Pikipiki ikinguruma bila kuzima, tupigie papo hapo tuisikie. Bibi yako haondoki karibu na simu.

Babu yako