Orodha ya Baba Yako Kwenye Mashine ya Ramani

Binti yangu,

Nimegonga mlango wa chumba chako, hukuitika. Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako asitoke bila sweta. ~~Ile mashine ya ramani ya gari usiiguse tena.~~ Basi, sina hasira tena.

Asubuhi ulinijia na furaha zako, "Mama, nimeifungua na kuiwekea programu mpya, sasa inaonyesha hata filamu!" nami nikakunyang'anya na kukufokea. Nilikuwa natafuta orodha ya sehemu alizohifadhi marehemu baba yako. Imefutika yote. Hapa nyumbani alipaandika "Kwa Bibie." Tangu tumzike, kila nikiingia garini naibonyeza hiyo kwanza, hata gari likiwa limeegeshwa hapa hapa mlangoni, nisome tu alivyoniita.

Hukujua. Sikuwahi kumwambia mtu.

Naipitisha mashine kwa fundi kabla ya kazi, ingawa kwenye simu ameshaniambia orodha hairudi. Gesi uifunge vizuri, usisahau.

Jioni tukae wote garini unionyeshe hizo filamu. Nikilia, usizime. Endelea tu.

Mama yako