Dude Linalovuta Mguu

Kwako kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana. Najua mwandiko wa baba juu ya bahasha umekushtua. Tafadhali usiichane. Soma mpaka mwisho.

Bado nipo kwenye ile ofisi ya kutengeneza gemu: watu wanne, chumba kimoja, feni moja yenye kelele kutushinda sote. Sasa tunatengeneza gemu la mtindo wa kizamani, picha nyeusi na nyeupe zenye vinukta vinene kama punje za mahindi. Tumeiga zile filamu za madude alizokuwa akituonyesha baba alipokuwa anaendesha projekta kwenye sinema ya mji wetu. Dude linatoka bwawani, jumba la sinema linaungua, na mji mzima unalisaka kwa mienge. Kazi yangu ni kulichora na kulitembeza.

Bosi anataka lichomwe mwishoni, na akanipa hadi Jumatatu. Kila nikikaa kuchora kifo chake, mkono unagoma. Aliniuliza kama nalionea huruma dude la vinukta. Nikacheka, kicheko cha juu juu tu.

Jumamosi asubuhi nilibeba kompyuta nyumbani nimwonyeshe baba, nikidhani atafurahi. Alivaa miwani, akacheza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alipolibana dude kwenye kona ya mtaa, akaacha kubonyeza. Alilitazama linavyovuta mguu wa kushoto, akasema mwendo ule anaujua, ni wako. Kaka, nakuapia sikukusudia. Nilichora mwendo uliomo kichwani mwangu.

Kisha akauliza dude limekosa nini. Nikamjibu kwamba watu wanaamini ndilo lililochoma sinema. Akauliza tena, bila kunitazama, ni nani hasa aliyechoma. Mama, aliyekuwa anaosha vyombo, akafunga bomba.

Ni mimi, kaka. Nilikuwa na miaka saba, nimejificha nyuma ya pazia la sinema na mshumaa, nikicheza vivuli vya dude kwa vidole, pazia likashika moto. Uliruka nami dirishani, ndipo mguu wako ulipoumia. Ukaninyang'anya kiberiti, na watu wakakukuta nacho mkononi. Baba akakufukuza, akakukataza hata kutumia jina lake, nawe hukunitaja. Ulidhani nimesahau kwa utoto. Sikusahau hata siku moja. Niliogopa, nikakuachia lawama yangu miaka kumi na tisa. Wewe uliyeniita Kasuku kwa kuropoka kwangu, hili peke yake nililinyamazia. Nisamehe.

Nilimwambia baba yote. Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na dude nalo limesimama palepale konani likimsubiri. Halafu akaniomba anwani yako na bahasha. Aliharibu mbili kwa kufuta na kuandika upya. Hiyo uliyonayo ni ya tatu.

Jumatatu nitamwambia bosi kwamba dude halifi, na akitaka kufoka na afoke. Wasalimie wote hapo nyumbani kwako. Mama anauliza utakuja lini. Baba hajaweza kusema kitu, ila itazame tena bahasha, kaka: jina lako ameliandika pamoja na lake.

Mdogo wako,
Kasuku