Karatasi ya Mlango wa Ghala

Dutwa,
14 Machi.

Mpendwa dada Stephania,

Shikamoo, dada. Mwangaluka, mmeamkaje hapo Maswa? Shemeji na watoto hawajambo? Na cherehani yako, imepona au bado inakata nyuzi? Sisi tu wazima, ila goti la mama bado linamsumbua.

Pamba ndiyo imetuangusha. Funza wa vitumba wamekula ekari mbili ingawa tulipulizia dawa, na baba amemtupia lawama zote Blandina, binti wa shangazi aliyekuja kwetu Januari ili asome. Baba amesema kesho Blandina anarudi kwao Ipililo, na shule yake ndiyo basi.

Nikwambie ukweli, dada, tangu Blandina afike sijapumua. Tuko kidato cha kwanza, dawati moja. Kwa hesabu yeye ni wa kwanza, mimi wa thelathini na mbili. Baba anamwita ng'wanone, mwanangu, na mimi aliyenizaa ananiita wewe. Hata ukoko wa ugali, ambao mama alikuwa akiniwekea mimi, siku hizi tunagawana. Roho iliniuma mpaka nikawa sitaki hata kumsikia akicheka.

Baba aliponunua bomba la kupulizia dawa la lita kumi na sita, alimwambia Blandina apige hesabu ya dawa. Bomba la zamani lilikuwa la lita kumi, tukiweka mililita hamsini. Nilikuwa nimesimama palepale na hakuniuliza. Blandina akaandika jibu, akalibandika kwenye mlango wa ghala. Baba akafuata karatasi ile siku zote za kupulizia.

Funza walipobaki, jirani yetu mzee Maduhu alikuja akasema dawa ilikuwa hafifu. Blandina akaapa kwamba aliandika 80. Baba akambandulia karatasi: 56, kwa mwandiko wake. Alilia tu, hakumtaja mtu.

Jumatatu Mwalimu Salvatory akatufundisha uwiano. Aliuliza, kama vikombe viwili vya chai vinataka vijiko vinne vya sukari, vikombe kumi vitataka vingapi. Nikanyoosha mkono haraka nimuwahi Blandina, nikasema kumi na viwili, kwa kuwa vikombe vimeongezeka vinane. Darasa likacheka. Mwalimu akasema tusitazame kimeongezeka kiasi gani, tutazame kimezidi mara ngapi, maana kila kikombe kinadai vijiko vyake viwili. Hapo nikakumbuka bomba. Kila lita inadai mililita zake tano.

Dada, ile 56 niliandika mimi. Niliona maji yameongezeka sita, nikaongeza dawa sita, nikaamini huyu mjuaji anakwenda kuunguza pamba yetu. Nikabandua karatasi yake, nikaiga mwandiko wake, nikabandika yangu. Nilipanga pamba ikistawi nijitokeze niseme ni hesabu yangu, ili baba aniite mwanangu na mimi.

Nimejaribu kumwambia baba mara mbili, nikaishia kumuuliza kama ng'ombe wamerudi. Tafadhali mpigie simu kesho jioni umweleze yote. Nitakuwa nimekaa mbele yake, sitakimbia.

Wasalimie shemeji na watoto, na umbusu mdogo wao kwa niaba yangu.

Barua hii anakuletea Blandina mwenyewe, kwa kuwa atashukia kwako. Bahasha sikuigundisha. Najua hataifungua, kwa sababu hana tabia ya kusoma barua za watu, na hata hilo namwonea wivu. Kwa hiyo akifika, msomee.

Mdogo wako,
Nyanjige