Istikhara ya Al-Baha

Al-Suwaidi, Riyadh

Kwako Dada Mwanaidi,

Sikuswali. Nalitanguliza hilo mbele ya salamu, maana nikianza na salamu nitaogopa, na barua itaishia kwenye habari za joto. Ile istikhara waliyoniagiza Baba na Mama, nikawaambia nimeiswali na moyo wangu umeelemea Al-Baha, sikuiswali. Nilitandika msala, nikakaa juu yake nikichezea nyuzi za pembeni mpaka nikaona muda unatosha, nikaukunja. Anajua Mungu, na sasa unajua wewe.

Assalaam alaykum, dada yangu. Mtoto ameshaota jino? Shemeji kifua kimempoa? Bibi anakula? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu Baba huishika akitaka, na jirani yetu Mama Salha anarudi Unguja, amekubali kunibebea.

Unajua Baba yuko huku Riyadh na lifti zake, na Mama yuko Jeddah hospitalini akiuguza watoto njiti, kila mmoja na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na kafili hakuachii mpaka mkataba uishe. Huonana wikendi moja baada ya miezi. Safari hii mkataba wa Mama unaisha mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo walitaka kukaa uso kwa uso waamue: asaini miaka miwili mingine au ahamie kwetu Riyadh. Wakakubaliana wakutane milimani kwenye baridi. Baba akasema Abha, makao makuu ya mkoa wa Asir, kwa sababu ndege kutoka hapa ni nyingi. Mama akasema Al-Baha, nao ni makao makuu ya mkoa wake, kwa sababu akitoka zamu anapanda gari Jeddah na siku hiyo hiyo anafika, na ndege humtia kizunguzungu.

Wiki mbili, dada! Wiki mbili kwa ajili ya miji miwili midogo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Tena hawakugombana wao kwa wao. Walipitia kwangu.

"Mwambie mamako, Al-Baha kuna nini? Nyani tu."

"Mwambie babako, hata Abha nyani wapo. Atawakuta jamaa zake."

Nikifikisha nusu, nikimeza nusu. Unanijua mimi, hata dukani kuuliza bei naona haya.

Ndipo Baba akasema, "Zuhura, mwanangu, swali istikhara. Atakalokuonesha Mungu tutalifuata." Mama akafurahi kabisa: "Hapo umesema! Mwali wa nyumba ndiye mwenye moyo safi." Maneno ya Bibi yale yale. Ndivyo walivyokuwa wakikufanya wewe kabla hujaolewa. Lakini dada, sote tumesoma Kurani chuoni. Maalim alitufundisha kwamba istikhara anaiswali mwenye jambo lake. Wenye jambo ni wao, na magoti wanayo.

Nilikasirika hata nia ikanishinda. Nikasema Al-Baha kwa sababu sauti ya Mama kwenye simu ilikuwa imechoka. Basi. Hiyo ndiyo ishara niliyooneshwa.

Tulitoka hapa kwa gari Alhamisi alfajiri, tukafika jua linazama. Njia nzima Baba hakusema ila "Mungu ameamua," kila tukisimama kutia mafuta. Mama akafika Ijumaa asubuhi na mfuko wa maandazi. Baada ya swala tukaenda kukaa ukingoni mwa mlima, ukungu unapita chini yetu, baridi tamu, na nyani mmoja mkubwa akaja taratibu kama mwenye nyumba, akabeba mfuko wote.

"Mungu ameamua na maandazi pia," Baba akasema.

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikadhani mambo yatakuwa mazuri. Baba naye akadhani hivyo, maana akasogea karibu yake, akasema kwa upole, "Haya, sasa tuzungumze habari ya mkataba."

"Tuzungumze nini tena?" Mama akajibu. "Mtoto ameswali, ikaja upande wa Jeddah. Mimi nimeichukua kuwa ni ishara. Nasaini."

Baba akarudi alipokuwa amekaa mwanzo. Halafu akasema, "Kama ni hivyo, sina neno."

Baba hana neno! Baba anayebishana mpaka na chumvi ya mchuzi! Nikafungua mdomo, likatoka "Mama..." tu, naye akasema, "Kunywa chai yako, itapoa." Nikainywa. Naichukia ile chai mpaka leo.

Tuliporudi Riyadh nilimkuta Baba kabatini. Kumbe alikuwa ameshahamisha nguo zake upande mmoja, amemwachia Mama nafasi. Alikuwa anazirudisha, moja moja.

Nimekasirika, dada. Nimemkasirikia Mama aliyelikuza neno langu la wikendi moja likawa la miaka miwili. Nimemkasirikia Baba zaidi, maana kwake ni rahisi kushindwa na Mungu kuliko kumwambia mkewe, njoo, nakuhitaji. Na mimi mwenyewe nimelitia jina la Mungu katika uongo, na kila nikisimama kuswali naona aibu. Niambie kweli: walipokuuliza wewe kama Mama aje huku Saudia, uliswali? Sikusuti. Nataka kujua kama niko peke yangu.

Msalimie Bibi, umbusu mkono. Msalimie shemeji, na mtoto mbane shavu kwa ajili ya khalati yake. Maalim wetu wa chuoni msalimie pia, ila usikae naye sana, usije ukateleza ulimi.

Wiki ijayo Baba ana kazi Jeddah, na nimemwomba twende pamoja. Kalamu ya Mama haijagusa karatasi bado. Kwa hiyo nakuomba, hata Bibi akikubana vipi, hili lisikutoke. Nataka walisikie kwa mdomo wangu, wote wawili wamekaa, wanikasirikie mimi. Halafu waswali wenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Zuhura