Kiganja Ndani ya Boksi la Juisi

Mugutha, Jumapili baada ya kanisa

Idah mwanangu,

Sisi wazima, ingawa hata huulizi. Ng'ombe amezaa ndume, hasara tupu.

Mwanao Njau, na ndevu zote hizo, ametoboa lile boksi lako la kuuzia juisi baridi. Ametia mfereji wa kutolea maji, akatandika wavu chini. Humo anamwaga shayiri iliyosagwa na maji moto, anafunga kifuniko saa nzima, eti anapika bia. Mimi nilipika pombe bila kutoboa mali ya mtu!

Jana nilikalia kifuniko mwenyewe, asifungue mtu. Alipofunua, juu ya ule uji wa shayiri palikuwa na alama ya kiganja.

"Cucu, wacha stori, ni mvuke tu," akaniambia mimi nyanya yake.

"Mvuke gani una vidole vinne?"

Wewe ndiwe uliyekatwa kidole na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Na tangu Machi hujapiga simu kutoka huko Arabuni.

Nimekataza uji usimwagwe. Idah, niandikie kwa mkono huo huo. Kama huwezi tena, usijifiche ndani ya boksi. Pitia mlangoni, wewe si mgeni. Sijaufunga.

Mama yako,
Wangeci