Kotisoli Iko Chini, na Mimi Nimesema Uongo

Jumanne, Barking. Manyunyu tangu asubuhi, na sina hamu hata ya chai.

Daktari amenipigia mwenyewe, na hapa London daktari hakupigii kukupa habari njema. Kotisoli yangu iko chini sana. Akanieleza taratibu: ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na asubuhi inatakiwa iwe juu ili mwili uamke na uhimili mikiki. Ndiyo maana walinitoa damu saa tatu asubuhi. Kumbe uchovu huu na kizunguzungu kila nikisimama si uzee, wala si kazi yangu ya kuwatunza na kuwanyanyua wazee wa watu.

Akauliza kama natumia steroidi yoyote, yaani dawa inayoiga homoni hiyo. Vidonge, sindano, krimu ya ngozi.

Nikasema hapana.

Niliona aibu. Daktari mwenyewe ni dada wa Kinaijeria, mweusi wa kung'aa, hajajigusa. Ningemwambia nini? Kwamba miaka sita najipaka mkorogo wa kujichubua ngozi, uso hadi mapaja, ninaouziwa chini ya kaunta kwenye duka la nywele? Kanisani wananisifu kwamba baridi ya Uingereza imenipenda, nami nacheka tu.

Jioni nimevaa miwani nikasoma maandishi ya kwenye boksi la mkorogo kwa mara ya kwanza. Steroidi imo, tena kali. Nikaingia mtandaoni. Ukijipaka sana kwa muda mrefu, inapenya mwilini, na tezi zikiona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Nikainuka nikalitupe kopo. Kabla sijafika kwenye pipa nikasoma mstari wa chini kwenye simu: ukiacha ghafla bila daktari, unaweza kuanguka na kufa.

Kuendelea hatari, kuacha hatari. Nimekaa ukingoni mwa bafu nikalia kama mtoto.

Binti yangu Neema, anayejua siri hii kwa kuwa bafu letu ni moja, akanikuta hapo.

"Mum, just tell her."

"Nitamwambiaje, mwanangu? Nimeshamdanganya."

"I don't care. Mwambie."

Yeye kwa Kiswahili huwa hajibu. Leo kajibu.

Nimejipaka tena. Si kwa ajili ya weupe, naogopa tu kuacha. Sijawahi kujichukia hivi.

Simu za kliniki zinafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitaanza na neno gani?