Swali la Akello Juu ya Moto

Mengo, Kampala

Kwako dada yangu mkubwa Nsimire,

Nakusalimu sana, na kabla hujauliza, mimi na Aline na watoto ni wazima. Je, goti la Mama limetulia? Na wewe, kifua kile cha kipindi cha mvua kimekuachia? Hapa mvua imenyesha wiki nzima, nguo hazikauki, lakini chakula kipo na tunalala salama. Barua hii naipitisha kwa Mama Chantal, muuza vitenge anayerudi Bukavu, maana ninayotaka kukueleza hayafai kwenye simu. Ungenikatiza uniambie nipunguze hasira. Dada, sitapunguza.

Unajua nafundisha kemia katika shule moja ya binafsi hapa mlimani, darasa la nne la sekondari, wale wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Tulikuwa tumefika somo la kuungua. Kitabu kinalimaliza kwa mstari mmoja: kitu kikiungua kinaungana na oksijeni. Watoto wanakariri, wanaandika, wanasahau. Mimi nikawaambia wafunge kitabu.

Nikawaeleza kwamba zamani, huko Ulaya, wanakemia wenye akili zao timamu waliamini kila kinachowaka kina kitu ndani yake kinachotoka pamoja na moto. Walikiita flojistoni. Na ukitazama gogo zima likibaki jivu la kujaza kiganja, utaona hawakuwa wajinga. Darasa zima likakubaliana nao. Ndipo nikaweka kwenye mizani nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, nikazichoma, tukapima tena. Uzito ukawa umeongezeka. Ungesikia kelele zao! Mmoja akasema mizani imeharibika. Nikacheka, nikawaambia hata wale wa zamani walitafuta pa kutokea, wengine wakadai flojistoni ina uzito wa kinyume, kwamba ikitoka ndipo kitu kinakuwa kizito. Mpaka Mfaransa mmoja akang'ang'ania mizani yake na kusema hakuna kinachotoka, kipo kinachoingia kutoka hewani.

Basi akasimama msichana anaitwa Akello, binti wa sajini mmoja anayekaa kambi ya jeshi ya Mbuya. Ni mpole, hasemi ovyo. Akasema, "Mwalimu, wale wa flojistoni nao walikuwa na vitabu, na mwanafunzi wao akijibu flojistoni alipata alama. Sisi tukijibu oksijeni, tunajuaje kwamba hatufanyi kama wao?"

Dada, miaka yote niliyofundisha, Bukavu na hapa, sijawahi kuulizwa swali zuri namna ile. Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nimjibu, mlango ukafunguliwa. Msimamizi wa masomo alikuwa amesimama nje anasikiliza. Hakuniuliza lolote. Alimtoa Akello, akampigisha magoti mbele ya ofisi yake mpaka saa ya chakula, watoto wa shule nzima wakipita na kumtazama. Kisha akamtuma nyumbani amlete mzazi, kwa kosa la kudharau masomo.

Nami nikaitwa.

"Unawafundisha watoto kutilia shaka kitabu," akaniambia.

"Nawafundisha kitabu kilivyopatikana."

"Mtihani hauulizi kilivyopatikana. Nyinyi wageni mkipewa kazi hapa, fundisheni kilichoandikwa."

Wageni. Watoto wao wanafaulu kemia kwa mkono wa mgeni, lakini siku mgeni akifundisha vizuri anakumbushwa kwao. Hilo nimelizoea. Lililonichoma ni kwamba mtu yule anadhani kemia ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imekwisha pigwa chapa. Hajui kwamba karibu kila mstari wa kitabu kile ni ugomvi wa watu waliobishana mpaka wakachukiana. Na mtoto aliyeingia kwenye ugomvi huo kwa adabu zote, yeye anampigisha magoti.

Kesho yake baba yake Akello akaja na binti yake, amevaa sare zake za jeshi. Msimamizi akawa mtamu ghafla, akamvutia kiti. Sajini hakukaa. Akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chao cha kambini.

"Mwalimu, huyu mutoto natukana wewe?"

"Hapana, mzee. Aliuliza swali."

"Swali gani?"

Nikamweleza lote, moto, mizani, flojistoni. Alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akamwangalia msimamizi. "Mimi kwa jeshi siulizi. Nasema ndiyo afande, naenda. Sasa mutoto naleta shule iulize. Nyinyi napigisha yeye magoti. Jibu iko wapi?"

Nikajibu mimi, nikimtazama Akello. Nikamwambia hatujui kwa uhakika ule anaoutaka. Tunachojua ni kwamba flojistoni iliwekwa kwenye mizani ikashindwa, na oksijeni imewekwa kwenye mizani ile na nyingine nyingi, bado imesimama. Siku itakayoshindwa, tutaiacha, na atakayeishinda atakuwa mtu aliyeuliza kama yeye.

"Sawa," sajini akasema, akamgeukia binti yake. "Rudi kwa kilasi."

Ungedhani yameisha. Wiki hiyohiyo nikaondolewa darasa la nne. Sasa nafundisha wadogo wa darasa la kwanza la sekondari, na kule juu kawekwa kijana anayesoma kitabu kwa sauti, wao wanaandika. Nilitakiwa niombe radhi mbele ya walimu wenzangu. Nilikataa. Aline ananiambia ninyamaze, kazi ya mkimbizi haina mizizi, na najua anasema kweli. Nitanyamaza, lakini kuomba radhi hapana.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Nisalimie shemeji, asiendeshe lori akiwa na usingizi. Nisalimie na baba mdogo na wanakwaya wake wote.

Niliandika mpaka hapo jana, na leo naongeza haya machache. Asubuhi Akello amenisubiri getini. Nilidhani anataka kunishukuru, nikawa naona haya. Akasema, "Mwalimu, nimelifikiria lile jibu lako. Bado halijanitosha."

Nikamwambia, "Vizuri. Niambie linapungukiwa wapi." Tukasimama palepale tukibishana mpaka kengele ikalia, na msimamizi akituona kutoka dirishani kwake.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Bahati